Kitalu cha Wachelewaji

Bi Priska, shikamoo. Nakuandikia nikiwa ofisini, mlango nimeuegesha, na mbele yangu iko fomu moja inayotakiwa ifike Masasi Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, na mpaka sasa sijui nijaze jina la nani, ndiyo maana nakuomba uninusuru kabla sijaongeza ujinga mwingine juu ya ule nilioufanya kwa miaka sita. Tafadhali sana usitaje jina langu gazetini.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja ya upande wa Newala, na pia ni mlezi wa klabu ya mazingira, cheo nilichopewa kwenye kikao ambacho sikuwepo, maana kwetu kazi isiyo na mwenyewe hupewa yule asiyekuwepo kujitetea. Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mke wangu kwa wazazi wake Tandahimba, niliporudi nikakuta jina langu limeshaandikwa ubaoni na wenzangu wananipongeza huku wanacheka. Nikasema potelea mbali, klabu ni klabu, na tangu hapo kila mwaka nachukua daftari naandika majina ya wanafunzi kumi na wawili wenye sare safi, nachagua mwenyekiti anayejua kusimama mbele ya wageni bila kujikuna, mwaka huu ni kijana anaitwa Lameck, tunavaa fulana za kijani, tunapiga picha, basi. Sijui kama klabu yangu imewahi kukutana mara mbili bila kuwepo mgeni.

Sasa utaniuliza kitalu kilitoka wapi. Kitalu kipo, Bi Priska, kiko nyuma ya vyoo, kina miche kama elfu mbili ya mikorosho, mikangazi na mitiki, wageni wakifika wanasimama wanashangaa, na mwaka juzi tulipewa cheti kikubwa ambacho kimetundikwa ofisini kwa mkuu wa shule. Ila wanaokitunza si klabu. Ni wakosaji. Hapa kwetu anayechelewa anabeba ndoo ya maji akamwagilie, anayepiga kelele anajaza viriba arobaini, yaani ile mifuko midogo myeusi ya kuotesha miche, anayekamatwa akiongea Kiswahili darasani anakusanya samadi, na anayekutwa na simu anachimba mashimo mpaka simu yenyewe anaisahau. Mwalimu Dauda, ambaye ndiye mwalimu wa nidhamu, ana daftari lake jeusi na humo anaandika kila kitu, jina, tarehe, kosa na adhabu iliyotekelezwa, kwa mwandiko mzuri kuliko ulioko kwenye cheti changu cha ndoa.

Kuna muhula mmoja, miaka mitano iliyopita, Dauda alikaza kamba kwelikweli, akasimama getini na fimbo mwezi mzima, wanafunzi wote wakawa wanawahi, hakuna kelele, hakuna Kiswahili, na kitalu changu kikaanza kukauka. Nakuapia nilikuwa nasimama dirishani asubuhi naangalia barabara na kuomba kimoyomoyo achelewe mtu, hata wawili tu. Nilifikia mahali pa kumfuata Dauda nimwombe alegeze kidogo. Akaniambia, "Baba Yoeli, wewe unalea mazingira au unalea watoro?"

Sasa yuko binti anaitwa Oliva, Kidato cha Nne, ambaye tangu Kidato cha Kwanza hajawahi kumaliza wiki bila kuchelewa. Anakaa na bibi yake kijiji kilichoko ukingoni mwa mlima, na maji kwao yanafuatwa chini bondeni, kushuka ni rahisi, kupanda na ndoo kichwani ni habari nyingine. Hili la maji nimelijua wiki iliyopita tu, miaka yote nilijua ni mvivu wa kuamka. Anafika watu wameshatoka mstarini, hasubiri kuambiwa, anakwenda mwenyewe kitaluni, anachukua ndoo, anamwagilia, na Dauda anaandika.

Halafu nikaanza kuona vitu. Mwaka wake wa pili nikakuta miche midogo imehamishwa chini ya kichanja cha makuti, nikadhani ni mlinzi, kumbe ni yeye. Mwaka wa tatu mikorosho yetu michanga ya nyuma ya bweni ikashambuliwa na mbu wa mikorosho, majani ya juu yakawa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto, Oliva akaenda kwa bibi yake akaja na viota vizima vya maji moto kwenye mfuko wa unga, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani juu ya miti, akavipandisha mtini, kwa sababu bibi yake alimwambia maji moto wanawamaliza wale wadudu. Ni kweli wanawamaliza. Ila kiota kimoja kilidondoka wakati Mwalimu Dauda anapita chini yake, maji moto wakaingia kwenye suruali, na mwalimu wetu wa nidhamu akaivua mbele ya Kidato cha Pili kizima. Oliva akaandikwa "kuleta wadudu hatari shuleni", viriba sitini. Mikorosho ikapona na hakuna aliyeuliza imeponaje.

Mwaka huu akakamatwa na wembe. Dauda akasema huyu sasa anataka kukata watu. Kumbe alikuwa anabebesha, anachukua kikonyo kutoka kwenye mkorosho wa bibi yake unaozaa sana, anakichonga, anakipachika juu ya mche wetu wa kawaida na kukifunga na kipande cha nailoni, ili ule mche ukikua uzae kama ule wa bibi. Nilimuuliza amejifunza wapi, akasema kuna wataalamu walikuja kijijini kwao kufundisha wakulima, yeye alikuwa anapita na ndoo, akasimama. Kwenye miche thelathini aliyobebesha imeshika ishirini na sita. Mimi mlezi, mwenye shahada, nilijaribu mitano kwa siri wakati wa likizo na yote imekufa.

Basi mwezi uliopita akaja Bi Glory, mtaalamu kutoka kituo kimoja cha miche na misitu cha upande wa Masasi, njia ya Nanganga. Wana mpango wa kuchukua mwanafunzi mmoja kila shule, akishamaliza mtihani wa Kidato cha Nne, badala ya kukaa nyumbani kusubiri matokeo anakaa kituoni miezi sita akifundishwa kazi ya kitalu, ufugaji nyuki na kupima misitu, akifanya vizuri wanamtafutia nafasi chuo cha misitu na wanamsomesha wao. Alianza kwa kuongea na Kidato cha Nne, akawauliza mtu akijifunza mambo ya mazingira anaweza kufanya kazi gani. Akamnyooshea kidole mwanafunzi mmoja, naye akajibu, "Kufagia." Mwingine akaongezea, "Na kuzibua choo." Darasa likacheka, mimi nikaangalia viatu vyangu, maana kwa tulivyowafundisha walikuwa wamejibu sawasawa.

Tukampeleka kitaluni. Akainama kwenye ile miche iliyobebeshwa, akagusa fundo kwa kidole, akauliza nani amefanya hii. Nikasema klabu. Akasema, "Niitie huyo aliyeshika wembe." Nikamwita Lameck, akaja na fulana yake ya kijani imepigwa pasi, Bi Glory akamuuliza kikonyo anakichukua kwenye tawi la namna gani, na Lameck akasafisha koo akatoa maana ya mazingira kwa Kiingereza, yote, mpaka nukta ya mwisho. Bi Glory akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akanipa fomu, akasema, "Mwalimu, chagua vizuri. Nafasi ni moja."

Fomu inataka sahihi ya mlezi na inataka mwalimu wa nidhamu athibitishe tabia ya mwanafunzi. Mkuu anasema jaza Lameck tumalize. Lameck mwenyewe alinifuata akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi nataka famasi, halafu udongo unanipa mafua," lakini atakwenda akiambiwa, ni mtoto mtiifu. Nikajikaza kiume nikamwita Oliva. Akaja akasimama, mikono nyuma, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwalimu, leo niliwahi." Nikamwambia sijakuitia hilo, nataka nikuandikishe uende kwenye kitalu kikubwa cha upande wa Masasi, miezi sita. Bi Priska, binti ambaye kwa miaka minne sijawahi kumwona akitoa chozi alianza kulia mbele yangu. Akasema, "Miezi sita? Nimefanya kosa gani?" Nikamweleza kwamba si adhabu, ni bahati, tena kubwa. Akafuta uso kwa kiganja akaniambia, "Mwalimu, bora mnichape."

Kesho yake akaja bibi yake, amebeba jogoo kwapani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikampa kiti akakikataa, akakaa chini kwenye sakafu ya ofisi. Akasema, "Baba Yoeli, huyu mtoto hana mama. Akichelewa ni mimi nimemtuma maji, miguu yangu bondeni haifiki tena. Nipe mimi hiyo adhabu, nitajaza hivyo vimfuko. Usimpeleke." Nikajaribu kueleza, kila ninachosema ananiitikia "ndiyo, mwalimu", macho chini, kama mtu anayesomewa hukumu, halafu akaniachia jogoo akaondoka. Jogoo yuko kwangu mpaka sasa, anawika alfajiri, na mimi nikimsikia sipati usingizi tena.

Sasa nifanyeje. Nikimjaza Lameck kila mtu atafurahi isipokuwa Lameck, Bi Glory na miche. Nikimjaza Oliva mwenyewe hataki, Dauda hatatia sahihi kwa sababu daftari lake lina makosa mia mbili na kumi na moja ya Oliva, na Bi Glory akianza kuuliza itajulikana kwamba klabu haijawahi kushika mche na kile cheti cha ukutani kimetokana na jasho la wachelewaji. Nimewaza siku Dauda hayupo nilitoe lile daftari nichane kurasa zote zenye jina la Oliva, iwe kana kwamba hajawahi kukosa, ufunguo wa kabati ninao. Nishauri, mama yangu. Mimi si mtu mbaya, nilipewa klabu sikuwepo.

Mlezi Aliyekwama, Newala

*

Mlezi uliyekwama, marahaba.

Umeniomba nisitaje jina lako, halafu ukaniandikia kwa mkono wako mwenyewe, tena mara mbili, kwamba unaitwa Baba Yoeli, unafundisha Jiografia, una klabu na una jogoo. Majina ya watoto nimeyabadilisha. La Bi Glory nimelibadilisha, na la Mwalimu Dauda pia, kwa sababu mtu aliyevua suruali mbele ya Kidato cha Pili ameshateseka vya kutosha. Lako nimeliacha kama lilivyo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka chai ikanimwagikia. Mara ya pili nilipofika kwa bibi kwenye sakafu ya ofisi nikaiweka chini, na nakujibu nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo ukiona nimekuparura vumilia.

Hebu tuanze na maji. Binti anachelewa kwa sababu ametoka kuchota maji. Akifika shuleni mnamwadhibu kwa kumbebesha ndoo ya maji. Miaka minne. Hapo shuleni mko walimu wangapi, kumi na tano, ishirini? Hakuna hata mmoja aliyemvuta pembeni akamuuliza, mwanangu, asubuhi unatokea wapi? Na wewe ndiye mwalimu wa Jiografia. Watoto unawachoresha mito ya mabara ya watu na hujui mwanafunzi wako anakunywa maji ya wapi.

Kuhusu daftari jeusi, ufunguo wa hilo kabati mpelekee Dauda leo hii. Ukichana ukurasa hata mmoja nitapanda basi kutoka Masasi nikufuate, na uzee wangu huu. Hivi umewahi kulisoma? Wewe unaona makosa mia mbili na kumi na moja. Mimi naona tarehe, jina la binti na kazi aliyoifanya siku hiyo. Amemwagilia. Amejaza viriba arobaini. Ameleta wadudu wanaokula wadudu. Amekutwa na wembe wa kubebeshea. Nitajie chuo kimoja kinachoandika mafunzo ya vitendo ya mwanafunzi mmoja siku kwa siku kwa miaka minne, tena kwa mwandiko unaousifia hivyo. Mwalimu Dauda amekuwa akiandika cheti cha huyo binti na hana habari. Ulichotakiwa kufanya ni kuziba kwa kidole ile safu ya makosa na kusoma zilizobaki.

Kwa hiyo hilo daftari lichukue zima, na Dauda umchukue, mwende nalo kwa Bi Glory. Mwambie ukweli bila kuuzungusha: klabu ni ya picha, aliyeshika wembe ni huyu, na mimi ulipouliza nilidanganya. Dauda akiona lile daftari lake linaheshimiwa na mtaalamu atatia sahihi, hakuna mwalimu wa nidhamu asiyependa kusomwa. Utaaibika, ndiyo. Lakini aibu ingekuwa inaua, Dauda angeshazikwa tangu siku ya maji moto. Na usidhani utamshtua Bi Glory. Yule mama alishajua kila kitu Lameck alipoanza kusafisha koo. Alikuambia uchague vizuri ili akupe nafasi ya kujirekebisha, wewe ukabaki unaangalia viatu. Mkuu wa shule akiuliza habari za cheti, mwambie kishuke ukutani kwa muda, kitapanda tena siku mtakapokistahili.

Jambo gumu kwenye barua yako si mkuu wala Dauda. Jambo gumu ni kwamba binti hataki, na ana haki ya kutotaka.

Mimi nilisoma Lulindi, na matroni wetu alikuwa na adhabu moja tu, bustani ya mchicha. Nilikuwa na mdomo, kwa hiyo nimelima mchicha mwingi sana. Leo nina miaka sitini na miwili, nina uwanja mkubwa nyuma ya nyumba, bomba liko mlangoni, na mchicha nanunua sokoni kwa Mama Hamudi kila Jumamosi, kwa sababu nikishika kijembe tu naisikia sauti ya matroni nyuma ya shingo. Mtu anaweza kuijua kazi kwa mikono yote miwili na bado akaichukia, kwa sababu ya namna alivyopewa. Hayo ndiyo mliyomfanyia Oliva, na si yeye peke yake. Mmechukua udongo, miti na samadi, vitu ambavyo watoto wa mlima huu wamezaliwa navyo, watoto ambao sare na madaftari yao yametoka kwenye mikorosho, mkawafundisha kwamba hayo ni mambo ya wakosaji, na walio safi wavae fulana wapige picha. Halafu anakuja mtu na kazi za kweli mkononi, kazi za misitu, za nyuki, za miche, anawaita watoto wachukue, na watoto wanakimbia. Wangeacha kukimbia kwa nini?

Kwa hiyo usimlazimishe, na usimhubirie kuhusu maisha yake ya baadaye. Nenda kwao. Kwa miguu, ili uijue hiyo njia. Jogoo mrudishe. Kama mmeshamla nunua mwingine, na awe mkubwa kuliko yule. Ukifika ukipewa kiti kikatae, kaa chini kama bibi alivyokaa kwako. Mwombe bibi radhi kwanza, kisha binti, kwa maneno mafupi: tulikukosea. Usiongeze "lakini". Nyie walimu "lakini" mnaipenda mno. Ukimaliza mwombe bibi akuonyeshe huo mkorosho uliotoa vikonyo, akueleze na hao maji moto wake, maana huyo mama ndiye mwalimu mkuu wa kitalu chenu tangu mwanzo na hamjawahi kumpa hata soda.

Kisha waombe wote wawili mwende kituoni kwa Bi Glory siku moja, kutembea tu, bila fomu. Mimi nimewahi kufika kwenye kitalu cha namna hiyo. Utakuta wanawake wamekaa kwenye vigoda kivulini, wembe mkononi, wanabebesha huku wanawasengenya majirani na kucheka, na hakuna mtu aliyesimama nyuma yao anaandika. Oliva ayaone hayo kwa macho yake. Aone kwamba kuna watu wazima wanaofanya kazi hiyohiyo na hawajamkosea mtu. Akishaona, mwulize. Akisema ndiyo, jaza fomu hapohapo. Akisema hapana, irudishe fomu tupu kwa Bi Glory na umweleze sababu, hata kama sababu ni nyinyi. Usithubutu kumjaza Lameck ili kuficha pengo.

Na kuna kitu bibi alikuambia ukakipita. Miguu yake bondeni haifiki. Oliva akiondoka miezi sita, huyo bibi atakunywa nini? Hata kama binti anatamani kwenda hawezi kusema ndiyo mpaka hilo lipate jibu, na wewe jibu unalo. Una vijana kumi na wawili wenye nguvu zao na fulana zao. Wapangie zamu ya kumpelekea bibi maji, na zamu ya kwanza iwe ya Lameck na wewe. Usimwandike mtu kwenye daftari kwa ajili hiyo. Lameck akimaliza akasome famasi yake kwa amani, ila kabla ya hapo akae na Oliva wiki moja kitaluni ajue kikonyo ni nini, afunge kitambaa puani. Dawa nyingine anazotaka kuja kuziuza zilianzia kwenye magome ya miti.

Kuanzia sasa asipelekwe mtoto kitaluni kwa kosa lolote. Dauda ana akili, atabuni adhabu nyingine. Mimi ningewapa wachelewaji karatasi waandike ukurasa mmoja, nimechelewa kwa sababu gani, na Dauda asome yote mpaka mwisho. Miche itaanza kulegea, najua, na utasimama tena dirishani unaomba. Usiombe. Shika ndoo. Halafu angalia nani atakuja kukusaidia bila kutumwa. Huenda wakaja watatu tu, na mmoja wao atakuwa mtoro mkubwa. Hao ndio klabu yako, wafundishe kila kitu, na Bi Glory akija tena watamjibu wenyewe.

Lakini kabla ya safari na fomu na mkuu wa shule, iko kazi ya kesho asubuhi. Usimwite Oliva ofisini tena, ofisi yako anaijua. Tangulia kitaluni kabla ya kengele, kunja suruali, changanya udongo na samadi, ujaze viriba arobaini. Vihesabu, usiniibie. Atafika amechelewa, maana maji bado yako bondeni. Atakukuta umepiga magoti, mikono michafu, ataogopa, atakuamkia, na atauliza tena lile swali lake, amefanya kosa gani. Mwambie safari hii aliyekosa ni wewe. Kisha mpe wembe, umwombe akufundishe kubebesha, na Mwalimu Dauda aandike jina lako.

Bi Priska